Kikombe cha Sita

Sukari ya nyumba yetu hukaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo hukaa kabatini, na ufunguo wa kabati nalala nao. Si uchoyo. Rungwa iko mbali na kila kiwanda cha sukari unachokijua. Mfuko ukitufikia umeshapandishwa na kushushwa malori, na kila aliyeugusa njiani ameongeza chake kwenye bei. Kwa hiyo binti yangu wa kidato cha tatu, aliyerudi likizo ya Juni na kazi ya baiolojia mkobani, aliponiomba vijiko thelathini vya sukari kwa mpigo, nilimwuliza kwanza anaolewa na nani.

Hakucheka. Alifungua daftari akanionyesha: jaribio la osmosisi kwenye tishu ya mmea. Shuleni lilifanywa kwa makundi, na yeye, kwa jinsi kundi lake lilivyokuwa kubwa, aliona zaidi migongo ya wenzake kuliko viazi. Sasa ripoti inatakiwa, yenye jedwali, grafu na maelezo, na hataki kunakili ya mtu. Mzazi anayesikia hivyo hana pa kukimbilia. Nilitoa ufunguo.

Viazi havikuwa tatizo. Viazi mviringo hutujia na malori kutoka Mbeya kupitia Chunya na Makongolosi, na vingine vimelimwa Rungwe, ndiyo maana nasema Rungwe inailisha Rungwa, ingawa jamaa zetu wa Dar es Salaam mpaka leo wanatuulizia habari za Tukuyu wakidhani tunaishi migombani. Sisi tunaishi miyomboni. Jirani yetu mkubwa ni Pori la Akiba la Rungwa, lililoshikana na Kizigo na Muhesi hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na majirani wadogo ni ndorobo na nyuki. Hao nyuki wawekeni akilini.

Binti alifanya kazi yake kwa adabu ambayo sijawahi kuiona akiosha vyombo. Alimenya viazi, kwa sababu ganda la kiazi limeumbwa kuzuia maji na hapa maji yanatakiwa yapite. Akavikata mfano wa chipsi, vipande kumi na vinane, kila kimoja milimita 50 kwa rula, akavifuta kwa kitambaa. Nilimwuliza kwa nini asivipime uzito, akanitazama kwa huruma: mzani wa karibu ni wa dukani, na huo hautambui hata kiazi kizima, sembuse kipande. Akatafuta chupa ya dawa ya kikohozi yenye alama ya mililita 100, akaipima mara mbili mbili, vikombe sita vikapata mililita 200 kila kimoja. Cha kwanza maji matupu. Cha pili vijiko viwili vya sukari, vijiko vya chai vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Cha tatu vinne, cha nne sita, cha tano vinane. Cha sita vijiko kumi kamili, na nilisimama pale nikihesabu kama karani wa benki. Vipande vitatu vitatu kila kikombe, vyote vikalazwa chini ya maji, vikombe vikapangwa dirishani jikoni, saa mbili asubuhi.

Kabla ya saa nne nyuki walikuwa wameshapata habari.

Wakati wa kiangazi nyuki wa huku hutafuta maji kwa udi na uvumba, na maji yenye sukari kwao ni harusi. Vikombe vitano vilikuwa vya kaure, vya seti, vyenye visosi vyake, binti akavifunika. Cha sita kilikuwa kile kikombe kirefu cha bati cha marehemu babu yao, hakina kisosi wala hakijawahi kuwa nacho. Akakifunika kwa daftari la hisabati, akaenda zake mashineni kusaga mahindi, na foleni ya mashine mnaijua.

Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu wanamwita Bibi na mimi namwita Mama, amekulia kwenye mizinga. Wakimbu wa huku ni watu wa asali tangu zamani, na baba yake alitundika mizinga ya magome juu ya miyombo mpaka uzee ulipomshusha. Kwa Bibi nyuki hafukuzwi na daftari la hisabati. Alipowaona wanazunguka kile kikombe wakitafuta mlango, aliliondoa. Walipoanza kuzama, akawawekea vijiti viwili wasimamie. Nami nilikuwa uani na nguo, nikisikia mvumo jikoni, nikadhani ni redio imepoteza stesheni.

Jioni nyuki wakaenda kwao. Binti aliporudi na unga alikuta kikombe cha sita kimejaa mpaka pale alipokiacha, daftari limewekwa juu yake vizuri. Hakuwa na sababu ya kutilia shaka chochote. Tukala, tukalala.

Asubuhi ilikuwa ya vipimo. Alitoa vipande kimoja kimoja, akavifuta, akavilaza juu ya rula, mimi nikiandika. Vya maji matupu vilikuwa vimekakamaa, ukivikunja vinavunjika kwa mlio, na wastani wake ulikuwa milimita 53. Vya vijiko viwili, 51.5. Vya vijiko vinne vilibaki 50, kana kwamba havikuwahi kuondoka kwenye ubao wa kukatia. Vya sita vilishuka hadi 48.5. Vya vinane, 47.5, na vilikuwa vimelegea kiasi cha kujiviringisha kidoleni. Nilianza kuona raha. Nilikuwa naona kitu kinachokwenda kwa utaratibu ndani ya jiko langu, jambo ambalo halitokei kila mwaka.

Vya vijiko kumi tulivitegemea viwe 47 au chini ya hapo. Vilikuwa 51.

Binti alipima tena. Kimoja 50.5, kimoja 51, kimoja 51.5. Na vilikuwa vigumu, vimesimama wima kama vimekula kiapo.

Hapo ndipo Baba Mdogo alipoingia, anapiga mswaki. Huyu ni mdogo wake mume wangu, anakaa nasi tangu mwaka jana, na alisoma kidato cha sita mchepuo wa PCB, habari ambayo hata mgeni wa dakika tano katika nyumba hii huondoka nayo. Alitazama jedwali, akatema povu nje ya dirisha, akatoa hukumu.

“Nukta potofu hiyo. Itoe. Chora mstari kwa hizo tano, ya sita iache.”

“Nikiitoa niseme nini, Baba Mdogo?”

“Usiseme kitu. Au andika 46.5, mstari utapita vizuri zaidi. Mwalimu anachotaka kuona ni mstari umeshuka.”

Nakiri shauri hilo la pili lilinikera, na si kwa sababu ya yaliyokuja kujulikana baadaye. Hiki ndicho kinachofundishwa kimyakimya mahali pengi: mwanafunzi anajua jibu kabla hajakata kiazi, kisha anapika matokeo yafanane na jibu. Anapata alama zake, na kiazi kinatupwa bila kuulizwa lolote.

Na nchi hii ina kisa chake. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu wa Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu ya maziwa na sukari. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombewa. Yeye akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye kila alipokosea darasani ikawa ni fizikia ya Mpemba hiyo. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilelile mgeni aliyekuja kuzungumza nao, Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne akaenda kulijaribisha. Fundi wake wa maabara akamletea habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila asijali, watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na tangu hapo wanasayansi wa dunia nzima wanabishana. Mwaka 2016 wapo waliopima upya wakasema hawalioni jambo hilo hata kidogo. Wabishane tu. Ninachompendea Mpemba ni kwamba hakuitupa nukta yake. Wakati makala inatoka alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha karibu na Moshi, na kazi yake ya maisha ilikuwa huko kwenye wanyama, kwa hiyo sisi wa kando ya pori tunaweza kumdai ni wetu nusu.

Nilimsimulia binti haya mbele ya Baba Mdogo, kwa sauti ya kutosha. Baba Mdogo akaenda kusukutua.

Binti akakaa na karatasi ya grafu. Kwanza aligeuza milimita kuwa asilimia. Nilimwuliza faida yake nini ikiwa vipande vyote vilianza 50, akasema ndivyo vilivyoanza safari hii. Mwenzake akianza na 40 watalinganishaje? Basi: asilimia 6 juu, 3 juu, sifuri, 3 chini, 5 chini. Vijiko vya sukari akaviweka kwenye mhimili wa ulalo, asilimia kwenye wa wima. Nukta zikashuka kama ngazi, isipokuwa mwishoni mstari unapoanza kulala, kwa sababu kiazi hakisinyai bila kikomo: seli ikishapoteza maji ya kutosha, chembe hai yake inajibandua kutoka ukutani ikajikunyata ndani, na ukuta wenyewe unabaki ulipo.

Kisha akaweka kidole pale mstari unapokata sifuri. Vijiko vinne. Hapo, alisema, maji yanayotoka kwenye kiazi ni sawa na yanayoingia, maana yake utomvu wa seli za kiazi una nguvu sawa na sukari ya kikombe hicho. Tukapiga hesabu: kijiko gramu tano hivi, vinne gramu 20 kwenye mililita 200, yaani kama gramu 100 kwa lita, na hiyo iko karibu sana na kinachoandikwa kwenye vitabu vya shule kuhusu viazi. Kwa kijiko cha chai na chupa ya dawa ya kikohozi! Si kwamba kiazi kina sukari kiasi hicho. Ndani yake kuna chumvichumvi na mengineyo, na maji hayaulizi jina la kilichoyeyuka, yanaangalia wingi wake.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage, anasikiliza. Akasema hayo yote anayajua kwenye asali. Ukiacha kibuyu cha asali wazi masika, inavuta unyevu wa hewani, inakuwa nyepesi, inachacha. Ikiwa nzito hakuna kinachoweza kustawi humo. Ndivyo ilivyo: nyuki hupepea mabawa mpaka maji kwenye asali yabaki chini ya sehemu moja ya tano, ndipo waizibe kwa nta, na chachu au vijidudu vikiangukia humo hufyonzwa maji vikakauka. Binti akaandika pembeni ya daftari: asali = kikombe cha sita, mara nyingi. Halafu akanyamaza, akaangalia kikombe chenyewe.

“Mama, kama ningekata kipande vibaya, kingeharibika kimoja. Hivi vimeharibika vitatu. Kosa si la kiazi. Ni la kikombe.”

Akachukua rula, akaanza kwenda kinyume. Badala ya kutoka kwenye vijiko kwenda kwenye asilimia, alitoka kwenye asilimia: 51 kutoka 50 ni asilimia 2 juu. Akafuata hiyo mbili mpaka ikagusa mstari, akashuka nayo chini. Ikaangukia kati ya vijiko viwili na vitatu, kwenye viwili na nusu na ushee.

“Asubuhi hii kikombe hiki kilikuwa na vijiko viwili na nusu,” akasema. “Mimi niliweka kumi.”

Nilithibitisha kuwa niliviona vyote kumi vikiingia, na uchungu wake bado ninao.

“Na kikombe kimejaa. Kwa hiyo kuna aliyepunguza na kuna aliyeongeza maji.” Akamgeukia Bibi, taratibu, kwa heshima yote. “Bibi, shikamoo.”

“Marahaba. Umeshanisalimia asubuhi.”

“Jana nyuki walikunywa?”

Bibi hakuona haja ya kuficha. Walikunywa, nusu ya kikombe. Nilistaajabu: nyuki mmoja hubeba tone lisilofika hata sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo mililita 100 ni safari zaidi ya elfu mbili, zote kupitia dirisha langu nami naanika mashuka. Jioni Bibi aliona si vizuri kumwachia mtoto kikombe nusu, akaongeza maji ya mtungini mpaka kwenye ile alama ya utando wa sukari iliyobaki pembeni ya bati, akarudisha daftari.

“Mara ngapi, Bibi?”

“Mara moja. Mimi ni mtu mzima.”

Binti akaandika, akakata, akaandika. Kumi, nusu ikanywewa, maji yakajazwa: vitano. Kwa vijiko vitano, mstari unasema vipande vingekuwa milimita 49 na kitu, vifupi kuliko vilivyokatwa. Hivi vilikuwa virefu. Haikuwa suala la rula kuyumba. Vilikuwa upande mwingine kabisa wa sifuri. Lakini ukivigawa vitano tena kwa nusu unapata viwili na nusu, na viwili na nusu vinatoa 51 na ncha ya sindano.

“Kimepunguzwa nusu mara mbili,” akasema. “Mara ya pili ni baada ya Bibi. Yaani usiku.”

Jikoni pakawa kimya. Nyuki hulala usiku. Kitinda mimba wetu, mshukiwa wa kwanza wa kila kesi ya sukari, alilala kwa shangazi yake. Baba yao yuko Itigi kikazi. Mimi ufunguo wa kabati nalala nao, kwa hiyo mtu mwenye kiu ya sukari usiku wa manane katika nyumba hii angekuta tamu moja tu iliyo wazi.

Hapa lazima nieleze kwamba Baba Mdogo ametangaza kuacha sukari. Muuguzi alimshauri apunguze, naye akalivika jambo hilo sherehe: anakunywa chai isiyo na sukari mbele za watu, polepole, akituonya juu ya kongosho. Wiki nzima alikuwa ananitazama nikikoroga yangu kwa macho ya mtu anayesindikiza jeneza.

“Inaweza kuwa ni makosa ya kupima,” alisema sasa, amesimama mlangoni na taulo begani. “Kuna mambo mengi. Kuna uvukizi. Andika uvukizi.”

“Uvukizi unaondoa maji na kuacha sukari, Baba Mdogo. Vipande vingezidi kusinyaa.”

“Basi joto la usiku.”

“Juni hii?” akauliza Bibi.

“Au myeyusho haukukorogwa. Ninachokataa mimi ni hiyo nusu. Mnasema nusu kwa ushahidi gani? Haikufika nusu, ilikuwa theluthi, na maji nilirudi...”

Akaishia hapo. Bibi aliendelea kuchambua maharage, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Binti, nitamsifu kwa hili mpaka uzeeni, hakucheka kwanza. Alipiga hesabu ya theluthi. Vitano ukitoa theluthi vinabaki vitatu na kitu, vipande vingekuwa 50.5. Akarudi kwenye jedwali. “Kimoja kati ya vitatu kinakutetea,” alimwambia. “Viwili vinasema nusu.” Ndipo akacheka, nami nikafuata, na Baba Mdogo akataka kujua kama tunafahamu kwamba maji yale yalikuwa na ladha ya kiazi kibichi na kwamba ameshaadhibiwa vya kutosha.

Hakuwa ameadhibiwa. Alikwenda dukani akarudi na kilo nzima, akamnunulia binti kalamu nene ya wino ya kuchorea alama za maji pembeni ya vikombe, na jaribio lilirudiwa chumbani kwangu, mlango umefungwa, kikombe cha sita kikiwa na kifuniko cha sufuria na tofali juu yake. Safari hiyo vilitoka 47.

Binti alipeleka matokeo yote mawili kwenye ripoti, ya kwanza na ya pili, na grafu ya kwanza akaiacha na nukta yake juu, imezungushiwa duara, na chini yake hesabu ya nusu mara mbili. Ugumu ulikuwa kwenye sehemu ya vyanzo vya makosa. Baba Mdogo aliomba iandikwe “wadudu,” kwa ujumla. Binti akakataa, wadudu hawajazi maji. Wakajadiliana hadi wakakubaliana kwenye “nyuki, na wanafamilia wawili.” Akamsomea Bibi asikie.

“Wawili sawa,” alisema Bibi. “Lakini andika kwamba mmoja alikuwa anahudumia nyuki.”